Polisi wa nyota mbili aonekana Kibondo akinyonya maua!

Najua ukisoma kichwa cha habari hapo juu umeshaanza kuchekelea, ukidhani leo nimekuja na zengwe la afande fulani na mke wa mtu. Punguza mori, mtu wangu. Polisi ninayemleta leo hana kirungu wala pingu, chai ya barabarani haijui, na hata akikunjua mabawa yake yote hajazi kiganja chako. Ni kipepeo!

Naam, kipepeo. Nakusikia hapo ulipo kwenye daladala ukiguna, "Huyu naye kaishiwa, sasa anatuletea wadudu." Subiri kwanza. Msimu wa mvua uliopita nilikuwa Kigoma. Siyo Kigoma ile ya ziwani, ya migebuka na michikichi, bali huku juu milimani, Kibondo na Kasulu, ambako asubuhi baridi inakulazimisha kuvaa sweta la mtumba na salamu ni "mwakeye". Huko nimeshuhudia kwa macho yangu majirani wawili, watu wazima wenye wajukuu, wakikaribia kukunjana mashati kwa ajili ya kipepeo. Kama hiyo siyo habari basi sijui habari ni nini.

Lakini ili kasheshe lenyewe likukolee, itabidi kwanza nikutambulishe kwa wahusika.

Kuna ukoo mmoja wa vipepeo ambao Wazungu wanauita skipa. Kipepeo wa kawaida unamjua, anapepea taratibu kama karatasi ya pipi iliyochukuliwa na upepo. Skipa hapepei, anachupa. Unamwona hapa, mara hayupo, mara yuko ua la tatu anakunyonyea asali kama vile siyo yeye. Ana kifua kinene, kichwa kipana, macho makubwa, na vile vipapasio vyake kichwani vimepinda nchani kama ndoano. Ukiona ndoano hiyo, usibishane na mtu, huyo ni skipa. Duniani wako zaidi ya aina 3,500, na kimbembe chao ni kimoja tu: wengi wamefanana mno. Kahawia, kahawia, kahawia. Ni kama kuambiwa umtafute kaka wa rafiki yako kwenye paredi ya JKT, wote wamenyoa kipara na wote wamevaa kijani.

Ndani ya ukoo huo kuna kundi la wenye miili mikubwa, kitaalamu linaitwa Coeliades. Hawa kwa Kiingereza wamepewa jina la polisi, tena wana na vyeo! Hapa kuna kichekesho kidogo. Mtu aliyekaa akawapanga skipa wa Afrika nzima katika orodha moja, iliyotolewa na jumba la makumbusho la Waingereza kule London mwaka 1937, hakuwa profesa wala daktari. Alikuwa mwanajeshi, Brigedia W. H. Evans. Yaani brigedia mzima, badala ya kukagua gwaride, anakagua polisi wenye mabawa. Ndiyo maisha ya wastaafu wa wenzetu hayo. Wa kwetu akistaafu anafungua baa.

Sasa unawatofautishaje? Kwa juu wamevaa sare moja, kahawia yenye ukijivu, na hapo utakodoa macho mpaka yatoke machozi bila kuambulia kitu. Ukitaka kumjua polisi, inama umwangalie chini ya bawa la nyuma, ule upande unaoonekana akifunga mabawa. Hapo pana mkanda mweupe. Wewe shika mkanda huo tu, mengine yote achana nayo kwanza.

Kama mkanda ni mweupe mtupu, umenyooka, hauna doa lolote, huyo ni Coeliades forestan, na mara nyingi utaona pia pindo la rangi ya chungwa kwenye kona ya nyuma ya bawa. Ni kama konstebo wetu, begani peupe. Kama katikati ya weupe ule kuna doa moja kubwa jeusi, hiyo ni nyota moja, Coeliades anchises. Na kama madoa meusi ni mawili, mara nyingine matatu, basi simama kwa heshima, umekutana na Coeliades pisistratus, polisi wa nyota mbili. Ni vile vile mtaani tunavyomtofautisha koplo na sajini: V mbili, V tatu. Uso wa mtu unaweza kuusahau, mkono wa shati hausahau.

Na usimtafute juu ya majani. Akishashiba anaingia chini ya jani, anafunga mabawa, anatulia huko kama mdaiwa aliyesikia sauti ya mwenye nyumba. Kwa hiyo inama.

Haya, sasa zengwe lenyewe. Nina mjomba wangu Kibondo, mdogo wake mama, anafuga nyuki. Siyo ufugaji wa masihara, ana mizinga kumi na minane ameitundika kwenye miombo pembeni ya bonde. Asali ndiyo iliyosomesha watoto wake, na hata mimi nauli ya kwenda kumwona ilitoka kwenye dumu la asali alilonitumia nikaliuza Dar. Bondeni chini ya mizinga jirani yake analima mpunga. Katikati ya mpunga na pori kuna kipande cha ardhi chenye vichaka vya maua, hakina mwenyewe hasa. Nyuki wanakula hapo, vipepeo wanakula hapo.

Siku ya pili tangu nifike, asubuhi kabla hata ya chai, jirani akaja na bomba la kupulizia dawa mgongoni. Kafunga kitambaa puani, macho mekundu. Anaelekea kwenye vile vichaka.

"Leo namaliza ukoo wao," akasema. Akanyoosha mkono kwenye maua, na kweli polisi walikuwa wamejaa pale, wanachupa ua hadi ua. "Hawa ndio wanaokuja kutaga kwenye mpunga wangu. Majani yanajikunja, yanageuka njano, mche unadumaa. Mimi hii mbegu nimekopa."

Mjomba akasimama mbele yake. "Jirani, hayo maua ndiyo sahani ya nyuki wangu. Msimu uliopita ulipuliza hapo, mizinga minne ikabaki mitupu. Nilinyamaza kwa ajili ya ujirani. Mwaka huu nitaokota nyuki kwa ungo?"

"Kwa hiyo mimi nikose wali ili wewe ulambe asali?"

Hapo, mpenzi msomaji, usitafute mjinga. Mmoja ana deni la mbegu, mwingine ana mizinga. Mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mjomba, alishaanza kurudi nyuma akitafuta mahali pazuri pa kusimama aangalie ngumi.

Mimi nikajitosa. "Shikamoo mzee. Naomba dakika kumi tu kabla hujapiga pampu."

"Marahaba. Dakika kumi za nini, kijana?"

"Za kumkagua mtuhumiwa."

Akacheka bila kupenda, na mtu akishacheka bomba linakuwa zito, akalitua. Nikatoa simu, nikanyemelea lile kundi la maua, nikapiga picha kama ishirini, kumi na saba zikatoka ukungu. Lakini tatu zilikuwa safi. Nikazikuza mpaka bawa likajaa kioo chote, nikampa ashike mwenyewe. Mkanda mweupe, mwanana. Kwenye picha ya tatu, madoa mawili meusi.

"Huyu mzee ni polisi wa nyota mbili. Huyu na mwenzake asiye na doa, viwavi vyao hawali nyasi kabisa. Wanakula majani ya miti na vichaka, mlama na jamaa zake, huko huko porini. Na mpunga kwa ukoo ni nyasi. Huyu hata akitua kwenye mpunga wako anatua kupumzika."

Mzee akatazama picha, akatazama maua, akarudi kwenye picha. "Basi anayekunja majani yangu ni nani?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Tukavua viatu, tukaingia majarubani.

Hapa ndipo elimu ya mabawa inapokuwa ngumu kidogo, kwa hiyo nifuate polepole. Skipa wa kwenye mpunga ni wadogo, nusu ya polisi au pungufu. Wakitua juani hawafungi mabawa yote wala hawayafunui yote. Yale ya mbele wanayanyanyua na ya nyuma wanayalaza, ukimtazama kwa ubavu utadhani ni ndege ya kivita inasubiri kuruka. Rangi yao ni kahawia ya chai ya rangi iliyochacha. Hawana mkanda mweupe, hawana nyota. Wana madirisha: vidoa vidogo kwenye bawa la mbele ambavyo ukimwelekeza kwenye jua mwanga unapita, vimepangwa kama upinde.

Nilimdaka mmoja kwa kipande cha neti ya mbu. Nikamshika kwa mabawa, polepole, ukibinya unga unabaki vidoleni na alama zote zinapotea. Kwenye bawa la mbele, upande wa juu, alikuwa na mstari mwembamba wa mshazari, kama kovu la wembe. Mstari huo ni mali ya madume wa kundi linaloitwa Pelopidas, ndimo alimo Pelopidas mathias, mla mpunga anayejulikana kuanzia Afrika hadi Asia. Mwenye madirisha ya upinde lakini dume lake halina kovu, mara nyingi ni wa kundi la Borbo, ambao nao ni wala nyasi. Ukikuta dume dogo kahawia tupu, halina dirisha wala kovu, fikiria Gegenes pumilio. Na ukikuta vipapasio vifupi kuliko inavyostahili, kama mtu aliyenyolewa nywele na kinyozi mwenye haraka, fikiria Parnara.

Wajapani wana Parnara wao anayekula mpunga, na jina walilompa linatokana na alama za bawani. Vidoa vyeupe kwenye bawa lake la nyuma vimejipanga mstari mmoja ulionyooka, na kwa maandishi ya Kijapani mstari ulionyooka ni namba moja. Basi wakamwita kwa herufi hiyo. Mkulima wa kule anamsoma kipepeo kama unavyosoma kibao cha basi. Sisi tunao wa kwetu, tunawaita wote "vipepeo" halafu tunawapulizia wote.

Turudi majarubani. Mzee alikuwa na haki katika jambo moja, majani yalikuwa yamekunjwa kweli. Skipa akiwa kiwavi ni fundi cherehani, anazikutanisha kingo za jani na kuzishona kwa uzi wake mwenyewe, analala ndani, usiku anatoka kula. Tulifungua mabomba ya majani saba, manne tukakuta viwavi vya kijani, matatu yalikuwa matupu. Mdogo wangu akauliza, mbona ndani hamna choo? Akawa ameuliza jambo ambalo mtafiti mmoja Mmarekani, Martha Weiss, alilichapishia utafiti mwaka 2003. Aliwachunguza viwavi wa skipa wa kwao na kukuta wanarusha kinyesi kwa presha mbali na nyumba, hadi mita moja na nusu! Sababu yenyewe ni nyigu, wanaomtafuta kiwavi kwa kunusa kinyesi chake. Hebu fikiria mdudu wa sentimita nne anarusha mzigo mita moja na nusu, halafu kuna mtu mzima hapa Dar anashindwa kutupa taka ndani ya pipa lililo mbele yake.

Lakini unjano je? Hapo ndipo nilipomwomba mzee tusipapase gizani. Kiwavi cha skipa anatafuna kingo za jani, unaona kabisa meno yamepita. Hageuzi mche mzima kuwa wa njano wala haudumazi. Na pale jaruba zima upande wa chini lilikuwa limepauka, hata kwenye miche ambayo haikuwa na jani moja lililokunjwa. Kesho yake bwana shamba akaja na pikipiki. Hakuchukua hata dakika tano. "Mzee, hii ni kimyanga."

Kimyanga, kwa mnaokula wali bila kujua unakotoka, ni ugonjwa wa virusi wa mpunga. Uliripotiwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1966, upande wa Kisumu, na Tanzania umeshawaliza wengi. Unasambazwa na mbawakavu, wale wadudu wenye migongo migumu, na pia kwa kugusana, kwa zana na mikono iliyotoka kwenye mche mgonjwa. Kipepeo hahusiki. Unaweza kumwaga mapipa ya dawa kwenye maua mpaka nyuki wa wilaya nzima waishe, kirusi kitabaki kinakutazama tu. Kinachotakiwa ni kung'oa miche inayougua, kusafisha magugu na masalia, na msimu ujao kutafuta mbegu inayostahimili.

Mzee alikaa kwenye tuta muda mrefu. Alikuwa ameshalipia dawa. Mtu aliyeshalipia dawa, hata ukimthibitishia kwa picha, kwa bwana shamba na kwa Brigedia Evans, moyo wake unataka kupuliza kitu. Akasema maua ataacha, ila bomba harudishi dukani kwa sababu kuna funza wa shina, na hao ni kweli wapo. Mjomba akasema basi apulize jioni nyuki wakishalala, tena ampe habari siku moja kabla. Wakakubaliana hivyo, siyo kwa kukumbatiana kama kwenye sinema, kila mtu kanuna kidogo. Jioni jirani alituma mtoto na mahindi ya kuchoma. Mjomba akayala bila kusema kitu.

Unaniuliza mimi haya nimeyatoa wapi, nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne? Nimeyatoa maktaba, ndugu yangu. Kuna kitabu cha Mnorwei mmoja, Jan Kielland, kinaitwa Butterflies of Tanzania, kilitoka mwaka 1990, na kingine cha Torben Larsen juu ya vipepeo wa Kenya, mwaka 1991. Ni vikubwa na ni Kiingereza, lakini picha hazina lugha.

Ila usije ukadhani baada ya polisi umeshahitimu. Kuna wale skipa wadogo wa Spialia, weusi wenye vidoa vyeupe, utadhani mtu kamvalisha mdudu ubao wa drafti. Wanapenda kutua chini, kwenye njia ya vumbi, na viwavi vyao wengi wanakula mimea ya ukoo wa bamia na pamba. Kwa juu drafti ni lile lile. Kwa chini, kwenye bawa la nyuma, ndipo unapoanza kupata fununu, wengine mkanda mweupe unapita moja kwa moja, wengine umekatika vipande vipande kama barabara iliyosubiri bajeti. Na kuna weusi wa kundi la Eretis ambao hata ukiinama, hata ukiwakuza kwenye simu, hupati kitu. Hao wataalamu wanawatofautishaje? Naona haya kuandika lakini gazeti hili limeshaandika makubwa zaidi: wanawachunguza sehemu za siri! Ndiyo, chini ya darubini. Aina na aina zinatofautiana huko, na Brigedia wetu alikuwa bingwa wa ukaguzi huo. Sitaki maswali zaidi.

Na hata huko kuna waliojificha. Kule Costa Rica kulikuwa na skipa mmoja mkubwa mwenye rangi ya buluu inayong'aa, Astraptes fulgerator, aliyepewa jina tangu mwaka 1775. Kwa zaidi ya miaka mia mbili watu walimhesabu kama mmoja. Lakini watafiti waliokuwa wakifuga viwavi vyake kwa miaka zaidi ya ishirini walikuwa wanashangaa, mbona viwavi hawafanani, na mbona huyu anakula mti huu na yule anakula ule, halafu wote wanageuka kipepeo yule yule? Mwaka 2004 wakapima vinasaba vya vipepeo 484. Wakakuta siyo mmoja, ni kumi. Kumi, mtu wangu! Karibu sare moja, watu kumi, kila mmoja na chakula chake na kwake. Ukikata mti wa huyu wa tatu, huyu wa tatu kwisha, na wewe utaendelea kusema yupo, kwa sababu unamwona wa saba.

Hilo nililiwaza sana ndani ya basi kutoka Kibondo kwenda Kasulu. Njia ile pori la miombo linakuja na kuondoka, linakuja na kuondoka, na katikati kuna matanuri ya mkaa yanafuka. Mbele kidogo mashariki ndiko kulikolala lile eneo oevu la Malagarasi na Muyovozi, la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2000, hekta zaidi ya milioni tatu. Ni kubwa kuliko nchi jirani ya Burundi. Nikajiuliza mle ndani kuna nyota ngapi ambazo hakuna mtu ameinama kuzihesabu. Kondakta akanigusa bega, "Braza, nauli." Mawazo yakaishia hapo.

Kasulu nilifikia kwa mama mdogo. Yeye hana nyuki wala mpunga, ana bustani nyuma ya nyumba, na kwenye uzio amepandisha viazi vikuu. Jioni nikiwa nakunywa chai akaniita kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu aliyeona nyoka.

"Baba, hebu njoo uone. Huyu mbona kalala chali chini ya jani?"

Nikainama. Chini ya jani la kiazi kikuu palikuwa na skipa mweusi, kajibandika kichwa chini, mabawa yote kayafunua bapa kama nguo iliyoanikwa. Hana mkanda, hana nyota, hana kovu. Juu kahawia iliyokolea na vidirisha vichache vya kupitisha mwanga karibu na ncha ya bawa. Nikapuliza jani kidogo, akanyanyuka, na alipogeuka nikaona chini ya bawa la nyuma peupe, kama shati la ndani lililochomoza. Sekunde tatu, akachupa, akajibandika jani jingine, chali vile vile.

"Huyo ni Tagiades flesus, mama. Na kiwavi chake anakula majani ya hivi viazi vyako."

Mama mdogo akashika kiuno. "Anakula viazi vyangu?"

"Majani tu, mama. Tena kidogo."

Akalitazama lile jani kwa muda. Lilikuwa na kona moja imekatwa na kukunjwa vizuri juu yake, kama mfuniko wa bahasha, kazi ya kiwavi. Akaunyanyua mfuniko kwa ukucha, akachungulia ndani, akaurudisha polepole.

"Wapo wangapi?"

"Sijahesabu."

"Kawahesabu. Wakizidi kumi unaniambia."

Walikuwa sita. Wiki ijayo, panapo majaliwa, naingia Kigoma mjini kwenye harusi moja iliyokuwa na bwana harusi wawili, msikose nakala yenu. Na nyinyi Waha mlioko Dar, niandikieni: kwa Kiha polisi huyu anaitwaje? Barua zipitie kwa mhariri.